UZI: Siku ya familia kutafuta visukuku Charmouth na Lyme Regis – maji, vifaa, cha kuokota na cha kuacha

Bi_Bamvua (mleta uzi)

Wakuu, habari za Jumapili. Maswali ya kupeleka watoto kutafuta visukuku (mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe) pwani ya Dorset yanajirudia kila msimu na majibu yametapakaa kwenye nyuzi tofauti. Tuyaweke hapa pamoja. Naanza na mambo mawili yasiyosubiri: maji na gema, yaani ukuta wa mwamba uliosimama nyuma ya ufukwe.

Kwanza mahali penyewe. Charmouth ni kijiji na Lyme Regis ni mji jirani wake kusini mwa Uingereza, ndani ya ile pwani ya kilomita 155 kutoka Exmouth hadi Studland iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001. Mwamba wa hapa ulikuwa tope la sakafu ya bahari miaka takriban milioni 195 iliyopita, na hadi leo ni laini. Dhoruba za baridi zinakula miguu ya gema, gema linaporomoka, mawimbi yanaosha tope na kuacha vile vitu vigumu vilivyokuwa ndani. Kwa hiyo hakuna haja ya kuchimba. Bahari imeshachimba, kazi yenu ni kuokota.

MAJI. Aliyekulia pwani ya kwetu ataelewa haraka: bamvua (maji kujaa na kupwa sana) linafuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji mafu (kujaa na kupwa kidogo) yako katikati. Tofauti ni kwamba hapa nyuma yako kuna ukuta wa tope. Maji yakijaa yanagonga gema lenyewe, na kati ya Charmouth na Lyme kuna sehemu ndefu zisizo na pa kupandia. Usipange kutembea kutoka Charmouth hadi Lyme kwa ufukwe ukiwa na watoto.

Naandika saa kwa mtindo wa 24 tusichanganye saa saba ya Kiswahili na ile ya Kiingereza. Chukua siku ambayo maji yanakupwa saa 13:00. Yalijaa kabla ya saa 07:00. Ingieni ufukweni saa 10:30, maji yakiwa yanatoka, mfuate ukingo wake unavyorudi nyuma, maana hapo mawe yamelowa na hakuna aliyeyapekua kabla yenu. Saa 13:00 geukeni. Saa 14:00 kila mtu awe amefika kwenye maegesho. Ukienda maji yanapoingia unapata ufukwe unaosinyaa kila dakika na njia ya kurudi inayofungwa.

Siku za bamvua pwani hii maji hukupwa karibu na mchana, jambo linalofaa familia: asubuhi mnasafiri, mchana mnaokota. Angalizo: majedwali mengine ya maji yanatumia saa za Greenwich mwaka mzima. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba ongeza saa 1. Kosa hilo moja linatosha kuwaweka watu mahali pabaya.

GEMA. Kaeni upande wa bahari, muda wote. Familia nyingi zinakosea wakati wa kula: upepo ni mkali, wanakwenda kujikinga chini ya gema na kutandika mkeka hapohapo. Gema huporomoka wakati wa mvua, na huporomoka pia siku kavu za jua kwa sababu udongo ukikauka unapasuka. Mary Anning, mwanamke wa Lyme (1799–1847) aliyefukua ikithiosauri wake (mtambaazi wa bahari ya kale) akiwa mtoto na plesiosauri (mwingine, mwenye shingo ndefu) mwaka 1823, nusura afukiwe kwenye maporomoko ya mwaka 1833 yaliyomuua mbwa wake pale pale. Na yeye alilijua gema hili kuliko mtu yeyote wa zama zake. Kofia ngumu inazuia kijiwe, haizuii tani za udongo.

Msipande pia juu ya zile ndimi za tope zinazoshuka hadi ufukweni, hasa chini ya Black Ven, gema lililo kati ya Charmouth na Lyme. Juu kuna gamba kavu, chini ni uji. Mtoto anazama hadi magotini, buti linabaki, na mzazi anayemfuata ananasa zaidi kwa sababu ni mzito. Dharura yoyote piga 999, omba walinzi wa pwani.

VIFAA kwa watu wanne: buti za mpira au viatu vya kupanda milima, nguo za tabaka na koti la mvua hata Juni, makopo 4 ya plastiki yenye vifuniko, karatasi za chooni za kufungia vitu vidogo, lenzi ya mkono ya mara 10, chungio dogo la jikoni, simu iliyojaa chaji, chupa ya maji baridi ya kusuuzia. Nyundo nimeiacha makusudi, wenye utaalamu nayo waseme.

Miezi mizuri ni Novemba hadi Aprili, siku moja au mbili baada ya dhoruba kutulia. Wakati wa dhoruba yenyewe kaeni nyumbani.

Baba_Salma

Shukrani sana dada. Wangu wana miaka 5 na 9. Wakifika pale wataona mawe tu, kila jiwe la kijivu. Waambiwe watafute nini hasa?

Fundi_Tindo

Baba Salma, usiwaambie watafute "visukuku". Wape umbo moja moja, kila moja dakika 20. Jicho likishajua umbo linaliona lenyewe.

Umbo la kwanza: mzunguko wa konokono. Hao ni amonaiti, jamaa wa ngisi na pweza walioishi ndani ya kombe lililojisokota. Wale wa Charmouth wanaookotwa zaidi ni wadogo, sentimita 1 hadi 3, na wamegeuka pairaiti, madini ya chuma na salfa yenye rangi ya shaba. Hapa kuna siri ya uzito. Pairaiti ni nzito karibu mara 5 ya maji, jiwe la chokaa mara 2.7 tu. Mawimbi yanachambua kama mwanamke anavyopeta mchele: vyepesi vinasukumwa mbali, vizito vinabaki. Kwa hiyo usitafute ufukwe mzima. Tafuta mistari na vishimo ambamo vijiwe vidogo vyeusi, vipande vya chuma chakavu na punje zinazometa vimejikusanya, mara nyingi nyuma ya jiwe kubwa au kwenye mifereji maji yanapochuruzika. Ukiona msumari wenye kutu, uko mahali sahihi.

Mpe wa miaka 5 eneo la mita moja kwa mita moja, akae chini kabisa, aokote kwa macho bila kufukua. Akifukua anageuza vizito chini na kujifichia mwenyewe. Macho ya mtoto yako karibu na ardhi, ndiyo maana mara nyingi anamshinda mzazi aliyesimama.

Umbo la pili: risasi. Belemnaiti, jamaa mwingine wa ngisi. Kilichobaki ni kigongo cha ndani, kirefu, kimechongoka upande mmoja, rangi ya kahawia au kijivu. Ukitazama sehemu iliyovunjika unaona mistari inayotoka katikati kama vijiti vya gurudumu la baiskeli. Mto Char unaugawa ufukwe pande mbili. Hawa ni wengi upande wa mashariki, chini ya kilima cha Stonebarrow.

Umbo la tatu: nyota. Vipande vidogo vya mashina ya yungiyungi wa baharini, pembe tano, vya ukubwa wa punje ya mchele hadi ya mtama. Wa miaka 9 ataviweza akiwa na lenzi.

La nne halipatikani kila siku: pingili ya uti wa mgongo wa ikithiosauri, mnyama mwenye umbo la pomboo. Ni duara jeusi au kahawia iliyokolea, imebonyea pande zote mbili, kama sahani mbili zilizogeuziana migongo. Ukiweka lenzi kwenye mfupa unaona vitundu vidogo kama vya sponji. Jiwe la kawaida halina vitundu hivyo.

Sasa vinavyodanganya. Kuna mishipa ya kalsaiti (madini ya chokaa) yenye nyuzi nyuzi zilizosimama wima, wachimba mawe wa zamani waliiita "nyama ya ng'ombe" kwa sababu inafanana na nyama iliyokatwa kukata nyuzi. Wageni wengi huibeba wakidhani ni mfupa au mti. Ikiwa nyuzi zinaenda moja kwa moja upande hadi upande bila vitundu, iache. Na karatasi nyembamba za mwamba mweusi zenye amonaiti bapa weupe: wazuri kwa macho, ila wakikauka wanabanduka kuwa unga. Piga picha, endelea.

Kidagaa_Reading

Nyundo sasa. Madukani kuna seti za watoto, zinafaa?

Fundi_Tindo

Kwa siku ya kwanza acheni nyundo kabisa. Kwenye kokoto za Charmouth haina kazi, na ndiyo inayoumiza watu.

Kwa atakayeendelea: nyundo ya jiolojia ya chuma kilichofuliwa kipande kimoja, uzito wa gramu 500 hadi 700. Nyundo ya seremala yenye kucha ya kung'olea misumari usiitumie. Uso wake ni mgumu kupita kiasi kwa mwamba na hurusha vipande vya chuma. Kosa kama hilo watu hulifanya na tindo (patasi ya chuma): badala ya kupiga tindo kwa nyundo, wanaweka nyundo moja kama tindo na kuipiga kwa nyingine. Usigonganishe vichwa viwili vya chuma kigumu.

Miwani ya kinga kwa anayepiga na kwa kila anayetazama. Wengine wasimame hatua kumi nyuma. Usipige gumegume, yale mawe laini ya kahawia na meusi yanayong'aa yakilowa. Yanapasuka kama kioo. Usipige gema. Kinachopigwa ni vijabali vya chokaa vya mviringo vilivyolala ufukweni, na hicho pia baada ya kukizungusha chote ukaona ukingo wa kombe umejitokeza. Kisichoonyesha kitu, tisa kati ya kumi ni kitupu. Kiache mtoto mwingine apate raha ya kukikagua.

Kilaze juu ya jiwe kubwa, piga kufuata mstari wa tabaka, mapigo mengi mepesi. Pigo moja kubwa linapita katikati ya amonaiti. Ukiona mfupa, simama hapohapo, usiendelee.

Bi_Bamvua

Naongeza: pale pale ufukweni Charmouth kuna Charmouth Heritage Coast Centre, kwenye jengo la zamani la kiwanda cha saruji. Kuingia ni bure, wahudumu wanatambua mlichookota na wanaongoza matembezi ya visukuku ya kulipia. Familia isiyowahi kwenda kabisa ianze na matembezi hayo. Yanajaa wakati wa likizo za shule, wekeni nafasi mapema. Makumbusho ya Lyme Regis nayo ina matembezi yake. Jengo lake limekaa mahali palipokuwa nyumba ya Mary Anning.

Upande wa Lyme, ufukwe wa mashariki chini ya gema la Spittles una vioo na vyuma vya jalala la zamani la mji vilivyomwagika kwenye maporomoko. Glavu ni lazima huko. Kwa watoto wadogo, Charmouth ni bora.

Msomaji_wa_Leicester

Je, ni halali kubeba? Sitaki kufundisha watoto wizi.

Mama_Jabali

Swali zuri. Kwa eneo hili kuna kanuni ya ukusanyaji ya Dorset Magharibi, kutoka Lyme Regis hadi Burton Bradstock. Vilivyolegea ufukweni mnaokota kwa matumizi yenu. Kuchimba gema bila ruhusa ya mwenye ardhi hakuruhusiwi. Kitu adimu au cha maana kisayansi, mfano fuvu, pingili zilizoungana, samaki mzima au mdudu, mnakiandikisha kituoni Charmouth. Kuandikisha si kunyang'anywa.

Pekee nitakapotia mkazo ni Monmouth Beach, magharibi mwa Lyme, nyuma ya gati la Cobb. Kuna sakafu ya chokaa yenye mamia ya amonaiti wakubwa, wengine wapana kuliko sinia la pilau. Hapo ni pa kutazama, kukanyaga kwa upole na kupiga picha. Hakuna nyundo, hakuna kubeba. Mpeleke mtoto apime amonaiti kwa viganja vyake, aandike idadi. Inamkaa kichwani kuliko kopo la kokoto. Hiyo sakafu inaonekana maji yakikupwa tu, kwa hiyo hesabu ya saa aliyoitoa mleta uzi ni ileile.

Kidagaa_Reading

Wale amonaiti wa rangi ya shaba tukifika nao nyumbani wanafanya unga mweupe baada ya mwaka. Tiba yake?

Mama_Jabali

Huo ni ugonjwa wa pairaiti. Pairaiti ikikutana na unyevu na hewa inaoza, inatoa asidi ya salfa na chumvi za chuma. Dalili ni unga mweupe au wa njano, nyufa, na harufu ya salfa. Kilichokwisha kuoza hakirudi. Kitoe haraka, maana asidi inakula boksi, lebo na vya jirani.

Kinga inaanza siku ileile:

1. Loweka kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, saa 24 hadi 48, ukibadilisha maji mara 4 hivi. Lengo ni kuondoa chumvi ya bahari, kwa sababu chumvi inavuta unyevu. Usisahau kopo wiki tatu kwenye kabati.
2. Sugua kwa mswaki laini. Siki marufuku kwa belemnaiti na chochote cha kalsaiti, inakiyeyusha.
3. Kausha siku 2 au 3 karibu na redieta, si juu yake. Joto kali la ghafla linapasua.
4. Paka Paraloid B-72 (plastiki angavu ya kuhifadhia vitu vya makumbusho) iliyoyeyushwa kwenye asetoni, gramu 5 kwa mililita 100, kwa brashi, tabaka mbili nyembamba. Ni kazi ya mtu mzima, dirisha wazi, mbali na jiko, maana asetoni inashika moto upesi.
5. Hifadhi kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Bafuni na dirishani si mahali pake.

Belemnaiti na mifupa haina shida hii kubwa: maji baridi wiki nzima ukibadilisha kila siku, kausha kivulini, basi.

Shangazi_wa_Slough

Mimi nashauri vanishi ya kucha isiyo na rangi, ipo kila nyumba.

Mama_Jabali

Shangazi yangu, kwa heshima, hapana. Inageuka njano, inabanduka kwa maganda, na ikipakwa juu ya kitu ambacho hakijakauka inafungia unyevu ndani, uozo unaendelea chini yake bila kuonekana. Paraloid ukikosea unaifuta kwa asetoni unaanza upya.

Mwana_Lindi

Uzi mzuri sana. Je, tukienda likizo nyumbani watoto wanaweza kufanya hivi pwani ya Tanzania au Kenya?

Fundi_Tindo

Kutazama ndiyo, kubeba hapana. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Kenya ina Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Kutafuta na kukusanya visukuku kunahitaji leseni. Mtoto akiona kitu, piga picha, weka sarafu kando yake kuonyesha ukubwa, acha palepale, toa taarifa kwenye makumbusho au ofisi ya mambo ya kale.

Kutazama kwenyewe kuko kila mahali. Majabali ya matumbawe ya pwani yetu ni miamba ya bahari ya kale, na kuta za Mji Mkongwe Zanzibar na Mombasa ya kale zimejengwa kwa jiwe hilohilo. Pale lipu ilipobanduka, mwonyeshe mtoto matundu ya matumbawe na makombe yaliyomo.

Na wewe mwana Lindi una la kujivunia kuliko sisi wote. Mijusi mikubwa ya kale (dinosaria) ya kilima cha Tendaguru, huko Lindi, ilichimbwa kati ya 1909 na 1913, zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe, zikabebwa kwa vichwa na mabega hadi bandari ya Lindi. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 mnyama mmoja wa huko aliitwa kwa jina lake, Australodocus bohetii. Mifupa iliyoungwa ya Giraffatitan, mmoja wa mijusi hao, iko kwenye makumbusho ya Berlin, kimo cha zaidi ya mita 13. Mlioko Ujerumani, pelekeni watoto, muwatajie Boheti kwa jina.

Baba_Salma

Kutoka London mashariki, Charmouth ni mbali kwa siku moja. Kuna pa karibu?

Bi_Bamvua

Walton-on-the-Naze, Essex. Treni zinatoka Liverpool Street, mara nyingi mnabadilisha Thorpe-le-Soken. Kwa wa miaka 5 naona ni bora hata kuliko Charmouth, kwa sababu kinachotafutwa ni meno ya papa: meusi, yanang'aa, sentimita 1 hadi 3, kutoka udongo wenye miaka zaidi ya milioni 50. Mtoto hahitaji kufundishwa jino linafananaje.

Shukeni kwenye ngazi karibu na mnara wa Naze, elekeeni kaskazini, pekueni vimistari vya changarawe nyeusi juu ya mchanga maji yakitoka. Jino la kweli lina mng'ao kama kigae na mzizi usiong'aa. Vijiti vyeusi vizito vilivyozagaa ni matawi yaliyogeuka pairaiti; mkibeba, fuateni hatua za Mama Jabali. Juu ya udongo huo kuna mchanga mwekundu wenye makombe ya umri mdogo zaidi, na humo kuna konokono wa baharini anayejisokota kushoto. Mpe mtoto kombe la kawaida mkono mmoja na huyo mkono wa pili, alinganishe mlango uko upande gani.

Sheria za maji na gema ni zilezile. Gema hilo nalo linaporomoka kila baridi.

Msomaji_wa_Leicester

Lebo je? Za watoto wangu zimeandikwa "jiwe zuri" tu.

Mama_Jabali

Ziandikwe siku hiyohiyo, kwa penseli, kwa sababu wino unafifia na unyevu unauchuruza: jina la ufukwe, upande (mashariki au magharibi ya mto), namba ya ramani (Charmouth ni SY 36 93), tarehe, kilikuwa kimelegea au ndani ya jiwe, na jina la mtoto aliyekiona. Kisukuku bila mahali kilipotoka hakimsaidii mtafiti yeyote. "Jiwe zuri" libaki, liongezewe tu hayo mengine chini yake.